Makuta ya migodi: listi inaandikwa mbele ya mkutano

Maneno yaliyosemwa kwa wanachama katika mkutano wa chama, Kolwezi. Tumeyaandika hapa kwa wale ambao hawakuweza kufika na kwa wafadhili wetu walio mbali.



Tumeombwa tufasirie leo kitu kimoja ambacho kila mtu anakisikia kwenye radio na wachache wamekiona kwa macho: makuta ya migodi, ile inayoitwa ya maendeleo ya jamii. Nani anaamua itumike kwa nini? Anaamua lini? Na sisi tuliorudi, tuliotoka Angola, tuliotoka Zambia, tuliorudi kutoka Kasai, tunaingilia kwa mlango gani?

Kuna mfadhili mmoja pia aliyetuandikia swali ambalo hatukulipenda tulipolisoma mara ya kwanza. Aliuliza: kama mji wenu unaketi juu ya shaba na kobalti, kwa nini mnaomba kwetu makuta ya foraji? Ni swali la haki. Tutalijibu, lakini tupeni nafasi tupite kwanza kwenye sheria, kwa sababu bila sheria tutabaki kunung'unika tu, na kunung'unika tumeshafanya sana.

Turudi nyuma kidogo. Wengi kati yenu mlikomalia hapa wakati wa Union Minière ao wa Gécamines, na mnajua vile watu walivyosema: kampuni njo baba, kampuni njo mama. Kampuni ilijenga nyumba za kambi, ikaleta maji, ikaleta unga, ikalipa mwalimu na munganga. Yalikuwa mambo makubwa, hatuyadharau. Lakini hakuna siku kampuni ilimuuliza mfanyakazi wa Musonoi ao wa Kapata kitu gani kije cha kwanza. Kilikuja kilichoamuliwa. Halafu mwezi wa 9 mwaka 1990 mgodi wa chini wa Kamoto ukaanguka, uzalishaji ukashuka sana miaka iliyofuata, na kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines wakapewa makuta ya kuacha kazi, ile tunayoita mpaka leo "départ volontaire". Nyumba zilibaki. Bomba zilibaki. Mwenye kulipia bomba hakubaki.

Tunalisema hili kwa sababu desturi ile haijaisha. Hata leo tukiita mkutano wa kartie, nusu ya watu wanakuja kusikiliza kitu gani "wamepewa". Na yule anayegawa naye anakuja na mawazo yaleyale, kwamba yeye ni baba na wao ni watoto. Sheria ya sasa inasema vingine. Tuione.

Mwaka 2002 nchi ilipata Kode ya migodi. Mwaka 2018, tarehe 9 mwezi wa 3, Kode ile ilibadilishwa, na mabadiliko yale yanatuhusu sisi moja kwa moja. Kuna mifuko mitatu, na watu wanaichanganya kila siku. Hata watu wa ofisi wanaichanganya, wakati mwingine kwa bahati mbaya, wakati mwingine hatujui.

Mfuko wa kwanza ni redevansi. Ni malipo ambayo kampuni inatoa kwa serikali juu ya thamani ya madini inayouza. Kwa shaba ni 3,5 kwa mia. Kwa kobalti ni 10 kwa mia tangu mwisho wa 2018, kwa sababu serikali iliitangaza kuwa madini ya kimkakati. Makuta ile inagawanywa: 50 kwa mia inaenda Kinshasa, 25 kwa mia inaenda kwenye jimbo ambamo mgodi uko, 15 kwa mia inaenda kwenye ETD, ni kusema mji, komini, sekta ao sheferi ya mahali penyewe, na 10 kwa mia inaenda kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Mbele ya 2018 mgawanyo ulikuwa 60, 25 na 15, na yote ilikuwa inapitia Kinshasa kwanza. Mnakumbuka namna tulivyokuwa tunangojea. Sasa sheria inataka kampuni ilipe kila mmoja moja kwa moja kwenye konti yake. Haya ni mabadiliko makubwa kuliko watu wanavyofikiri: komini ambayo zamani ilikuwa inaishi na taksi za soko na vibanda, leo inaweza kupokea mamilioni ya dola.

Mfuko wa pili ni dotasio. Kila kampuni inayochimba inapashwa kuweka pembeni, kila mwaka, kiasi kisichopungua 0,3 kwa mia ya mauzo yake, kwa ajili ya miradi ya jamii zinazoguswa na mgodi. Makuta hii haiingii kwa komini. Inashikwa na chombo cha pekee, ambamo wajumbe wa kampuni na wajumbe wa jamii wanaketi pamoja. Wale wa Fungurume wanaijua zamani, kwa sababu Tenke Fungurume ilikuwa tayari na mfuko wa jamii wa 0,3 kwa mia mbele ya sheria hii.

Mfuko wa tatu si mfuko kamili, ni kitabu. Ni kaye de sharji. Kampuni na jamii wanaandika pamoja mambo ambayo kampuni inaahidi kufanya, barabara, maji, shule, kwa muda ambao kwa kawaida ni miaka 5. Kikishatiwa sahihi, ahadi zile ni deni.

Tufanye hesabu ndogo ili tuone ukubwa wake. Ni mfano tu, si kampuni fulani. Chukua kampuni inayouza kwa mwaka shaba ya dola miliari 1. Redevansi ni dola milioni 35. Kinshasa inapata 17,5. Jimbo linapata 8,75. Mfuko wa vizazi vijavyo 3,5. ETD inapata milioni 5,25. Na pembeni, dotasio ya 0,3 kwa mia ni milioni 3. Sasa angalieni vizuri: watu wote hapa wanapiga kelele juu ya 0,3. Kila mkutano ni 0,3, 0,3. Lakini katika mfano wetu, sehemu ya komini ao ya mji ni kubwa karibu mara mbili kuliko 0,3, na juu ya sehemu ile karibu hakuna mtu anayeuliza. Kwa nini? Kwa sababu 0,3 inaitwa "ya jamii", na ile nyingine inaitwa "ya serikali". Lakini sheria ya 2002 ilisema wazi kwamba sehemu ile ya mahali ni kwa ajili ya miundombinu ya msingi yenye faida kwa jamii, na si kitu kingine. Si makuta ya mtu. Ni yetu kama ile nyingine.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe: inaamuliwa namna gani.

Kwa komini, ni budgeti. Budgeti inaandaliwa miezi kadhaa mbele ya mwaka wake kuanza. Burugumestre na watu wake wanaandika, na kulingana na sheria ya 2008 juu ya ETD, ni halmashauri ya komini inayojadili na kupitisha. Kwa miaka mingi halmashauri hizo hazikuwepo, kwa sababu hazikuchaguliwa. Mtu mmoja aliyewekwa kutoka juu ndiye aliyekuwa anaandika na kupitisha. Tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2023, siku ya kumchagua rais, tulipewa pia karatasi ya kuchagua washauri wa komini, katika komini za miji mikuu ya majimbo. Dilala na Manika zilikuwemo. Wangapi hapa wanakumbuka walimchagua nani kwenye karatasi ile? (Watu walicheka. Mikono mitatu ilipanda.) Basi, kucheka si vibaya, lakini mtu yule mliyemsahau njo anayepashwa kupitisha budgeti ya komini yenu.

Kwa dotasio na kwa kaye de sharji, njia ni nyingine. Kunafanywa mikutano ya kuuliza jamii mahitaji yao. Mahitaji yanakusanywa, yanapangwa, yanawekwa bei, yanalinganishwa na mpango wa maendeleo wa mahali kama mpango huo upo. Kwenye karatasi ni kazi safi. Lakini sisi tumeketi katika mikutano hiyo sehemu mbalimbali za Lualaba, na tunataka kuwaambia namna inavyoenda.

Mahali pamoja, tusipopataja, watu waliitwa saa tatu asubuhi. Wakaja kama mia, wengi wamama, kwa sababu wababa walikuwa kwenye kazi ao kwenye mashimo. Mkutano ulianza saa sita. Kwanza maneno ya wakubwa, halafu maombi, halafu maneno mengine ya wakubwa. Halafu mtu mmoja akasoma karatasi yenye mahitaji ya jamii, nambari moja mpaka nambari saba. Nambari moja ilikuwa jengo la ofisi. Maji ilikuwa nambari sita. Karatasi ilikuwa imeshapigwa kwa mashini, na tarehe iliyokuwa juu yake ilikuwa ya wiki tatu mbele ya siku ile. Mama mmoja aliyekaa chini kando ya mlango, mwenye mtoto mgongoni, akainua mkono akauliza: "Sasa shiye tumekuya huku kuchagula nini?" Watu wakapiga makofi. Aliyesoma karatasi akajibu kwamba swali ni zuri sana na litaandikwa. Halafu wakagawa soda, na kila mmoja akatia sahihi kwenye listi ya waliohudhuria.

Tunaomba mlishike neno hili, kwa sababu ni lenyewe tulilokuja kusema. Listi ile ya sahihi ndiyo iliyoenda kwenye dosie kama ushuhuda kwamba jamii iliulizwa. Maswali hayakuenda. Ukisoma dosie ile Lubumbashi ao Kinshasa, unaona sahihi karibu mia, unaona picha ya watu wanaopiga makofi, unasema: hapa kazi ilifanywa vizuri. Makofi yalikuwa ya yule mama.

Kwa hiyo uamuzi haukufanywa kwenye mkutano. Ulifanywa wiki tatu mbele, na mtu aliyeketi na kalamu. Hatusemi kila mara ni wizi. Mara nyingi si wizi. Ni mtu mwenye kazi nyingi, mwenye tarehe ya mwisho, anayeandika kile anachokijua yeye: ofisi, kwa sababu yeye anakaa ofisini, barabara ya katikati, kwa sababu njo anayopitia. Lami inaonekana na mgeni, taa za barabarani zinaonekana usiku, mtu anaweza kuzipiga picha. Bomba liko chini ya udongo, halipigwi picha. Yule ambaye hakuwa karibu na kalamu siku ile, mahitaji yake hayakuwa na mtu wa kuyataja.

Jambo lingine ambalo tungependa wafadhili walisikie ni juu ya vitu vinavyojengwa halafu vinakaa bure. Kila mtu anapenda kujenga shule. Shule inafunguliwa kwa riboni na ngoma. Lakini tangu mwezi wa 9 wa 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure, ni kusema mwalimu anapashwa kulipwa na serikali. Shule mpya ina walimu wapya. Kama walimu wale hawajaingia kwenye listi ya mishahara ya Kinshasa, na jambo hilo linaweza kuchukua miaka, nani anawalipa? Wazazi. Kwa mlango wa nyuma, masomo ya bure inakuwa ya kulipa tena, na wa kwanza kurudishwa nyumbani ni mtoto wa yule aliyefika juzi, asiye na mjomba wala shangazi wa kumkopesha. Kuna pia kituo cha afya chenye vitanda na bila munganga, na foraji yenye pampu ya mafuta ambayo ilifanya kazi mpaka lita ya mwisho ya siku ya ufunguzi. Tulimwona mzee mmoja akifunga mbuzi wake kwenye nguzo ya pampu ya namna hiyo. Alisema walau inamfaa mbuzi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "tunataka nini", swali la kwanza kwenye mkutano lingekuwa: kitu hiki, mwaka wa pili, kitaishi kwa makuta ya nani? Kama hakuna jibu, tafadhali, kiondoeni kwenye listi, hata kama ni shule. Tunajua neno hili halipendezi.

Ni haki pia tuseme upande wa wale wanaoongoza. Makuta hii haitembei sawasawa kama mshahara. Redevansi inafuata madini yanayotoka na bei ya dunia. Tarehe 22 mwezi wa 2 mwaka 2025 serikali ilisimamisha kutoa kobalti nje ya nchi ili bei ipande, na katikati ya mwezi wa 10 ikaingiza kota. Komini iliyokuwa imeahidi vitu kumi kwa kutegemea kobalti ilijikuta na vitu kumi vilivyoanzwa. Burugumestre anayesema "makuta haijaingia" si kila mara anadanganya. Ndiyo maana sisi tunapenda listi fupi. Vitu viwili vilivyomalizika vinashinda vitu kumi vyenye vyuma vinavyotazama juu. Na ndiyo maana pia inafaa tuombe kuonyeshwa kiasi kilichoingia, kwa karatasi: ITIE ya Kongo inatoa ripoti za malipo ya kampuni za madini, na ripoti hizo si siri. Mtu akituambia haijaingia kitu, tunaweza kulinganisha.

Wengine mtauliza, je, kuna mahali ambapo watu wa kawaida waliamua kweli? Kuna. Huko mbali, Porto Alegre katika Brazil, kuanzia 1989 wakaaji wa kartie walianza kujadili na kupigia kura sehemu ya budgeti ya mji, na namna hiyo ikatembea dunia nzima. Lakini si lazima tuende Brazil. Kivu ya Kusini, katika miaka ya 2010, walijaribu budgeti shirikishi kwa msaada wa Banki ya Dunia. Katika Bukavu, komini kama Ibanda ziliita mikutano ya kartie kwa ujumbe wa simu, watu wakapanga mahitaji yao, na baadaye wakajulishwa kwa simu ileile ni kitu gani kilichochukuliwa. Haikuwa paradiso, na msaada ulipopungua, mahali pengi moto ulipoa. Lakini kuna kitu kimoja tunachokipenda pale: watu walirudishiwa jibu. Huku kwetu tunaulizwa, hatujibiwi. Mwaka unaofuata tunaulizwa tena na mtu mwingine mwenye daftari mpya.

Sasa tuje kwenye jambo gumu la nyumba yetu wenyewe.

Kuna pendekezo ndani ya chama, na tunajua wengi hapa wanaliunga mkono, kwamba tuandike barua ya kuomba sehemu ya waliorudi. Ni kusema, katika dotasio ao katika budgeti ya komini, kuwe na kiasi kilichowekwa kwa ajili yetu, na chama kipate sale yake ya mikutano. Sababu zake tunazielewa. Tulirudi tukakuta nyumba zina watu wengine. Tulirudi bila karatasi za kiwanja. Mikutano inapoitwa, swali la kwanza linalotokea ni "mwenye udongo ni nani?", na pale sisi tunanyamaza, kwa sababu tukisema, mtu atatuuliza tulikuwa wapi.

Sisi tunaofanya kazi kwenye kartie tunawashauri msifanye hivyo. Tutatoa sababu yetu, halafu ninyi ndio wenye chama.

Mji huu una kumbukumbu. Mwaka 1977 na 1978 watu walikimbia vita, wengi wakavuka kwenda Angola. Mwaka 1993 hapa Kolwezi watu wenye asili ya Kasai walitolewa kwenye nyumba zao, wakalala kwenye gare wakingojea treni, na kuna waliokufa pale na njiani. Hakuna haja ya kusema zaidi, kuna watu katika sale hii waliokuwa watoto pale. Ile yote ilianza na maneno, na maneno yalikuwa haya: huyu ni wa hapa, yule si wa hapa, kazi hii ni ya nani, nyumba hii ni ya nani. Leo kitu kinachogombewa si kazi ya Gécamines tena, ni makuta ya migodi. Tukiingia kwenye meza kwa jina la waliorudi, tunamwalika mwingine aingie kwa jina la wenye udongo, na wa tatu kwa jina la kabila lake. Kwenye mchezo huo tunajua nani anapoteza. Ni yule aliyefika mwisho.

Mgodi nao hauulizi. Mlipuko unapopasua ukuta, haupasui ukuta wa mwenyeji na kuruka wa aliyerudi. Vumbi la lori linaingia kwenye sufuria zote za avenyu. Kasulo, mwaka 2014, watu walipogundua kobalti chini ya nyumba, walichimba wenyeji na wageni kwenye viwanja vilevile, na ilipofika wakati wa kuhamisha watu mwaka 2017, mpangaji na mwenye nyumba wote walibeba magodoro yao. Sheria inasema jamii zinazoguswa na mgodi. Basi tuingie kwa kuguswa. Avenyu yetu, na majirani zetu wote wa avenyu, waliorudi na wasioondoka. Kama kisima kinakosekana kwetu, kinakosekana pia kwa jirani ambaye babu yake alizaliwa hapa, na barua yenye sahihi yetu pamoja na yake ina nguvu kuliko barua mbili.

Kuna baba mmoja aliyetupinga juzi kwa maneno makali kidogo. Alisema: "Mukiingia na jirani, jirani njo atachukua yote, shiye tutabakia paka kupiga makofi." Hatuna jibu kamili kwa baba huyu. Inawezekana. Imeshatokea. Tunachoweza kusema ni kwamba kinga yake ni kuwa na mtu wetu karibu na kalamu, na si kuwa na barua yetu ya pembeni. Na huyo mtu asichaguliwe kwa kujua Kifaransa tu. Mara nyingi tunamtuma kijana mwenye diploma, anakuja na posho na hasemi kitu. Tumeni mama anayebeba bidoni, anajua maji yanauzwa bei gani saa kumi na moja ya asubuhi.

Na sale ya mikutano? Tunaomba iwekwe mwisho. Tunaweza kukutana chini ya muembe miaka mitatu mingine.

Tunarudi kwa mfadhili wetu na swali lake. Ndugu, makuta yenu haipashwi kufanya kazi ya komini wala ya kampuni. Mkilipa foraji mahali ambapo komini ina makuta ya kuilipa, mmempunguzia mtu deni ambalo si lenu, na mwaka kesho atawaonyesha wageni foraji ile kama kazi yake. Lakini kuna kitu ambacho hakuna budgeti inayokilipa: siku za mtu anayezunguka nyumba kwa nyumba kuhesabu, usafiri wa wamama watatu kwenda kuketi kwenye kikao cha budgeti, kopi za kaye de sharji ziwe mikononi mwa watu kwa Kiswahili, na si Kifaransa cha mawakili. Ni makuta kidogo. Haina riboni ya kukata. Kama mnataka picha, tutawatumia picha ya daftari.

Tunasema hivi huku tukijua kwamba mkikubali, mwaka huu baadhi ya familia zitaendelea kununua maji kwa bidoni, wakati ambapo ninyi mngeweza kuchimba kisima ndani ya mwezi mmoja. Kwa nyumba zile zenye wagonjwa na watoto wachanga tumeomba mtuachie kiasi cha dharura. Wengine tumewafasiria, wamama walisikiliza, wachache walikasirika, na tunaelewa hasira yao.

Kazi imeshaanza kwenye avenyu sita. Tunahesabu vitu vinne tu: nyumba ngapi, maji yanatoka wapi na kwa bei gani, watoto wangapi hawako shuleni, na kuta ngapi zimepasuka. Hatuandiki kabila, hatuandiki mtu alirudi lini. Hesabu ile itapelekwa kwa shefu wa kartie na kwa washauri wa komini mbele ya budgeti mpya kuanza kuandikwa, na tutaomba watutilie sahihi kwamba wameipokea. Mara hii sahihi itakuwa ya kwao.

Mkialikwa kwenye mkutano wa kampuni ao wa komini katika miezi hii, nendeni. Kunyweni soda. Lakini kabla ya kuandika jina kwenye listi ya waliohudhuria, soma kichwa cha karatasi, na kama imeandikwa "tumekubali" badala ya "tumehudhuria", andika kando ya jina lako neno moja: nimehudhuria. Hakuna sheria inayokataza.

Daftari za avenyu zilizobaki ziko kwa katibu. Kila avenyu ilete majina ya watu wawili, mmoja awe mama, mbele ya mwisho wa mwezi. Avenyu mbili za upande wa reli bado hazijaleta jina hata moja, na tunajua mnatusikia.